Mgeni Ikulu, wenyeji bungeni: somo la Peru kuhusu kiongozi wa kutoka nje ya siasa

Nchi ikifika mahali ambapo bunge na serikali havisikilizani tena, miswada ya maana inalala kabatini na mawaziri wanang'olewa kabla hawajazijua ofisi zao, kauli moja husikika sokoni, kwenye mabasi na redioni: tumechoka na hawa wote, tupeni mtu ambaye hajawahi kuwa mwanasiasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hiyo siidharau. Wanaoisema wana haki ya kuchoka, na mara nyingi wako sahihi kuhusu waliowachosha. Kinachonisumbua ni kwamba mjadala huishia kwenye sifa za huyo mgeni: ni msafi, ni jasiri, ametoka chini, haogopi vigogo. Hatuulizi atakapoingia Ikulu atapata wapi kura za kupitisha hata sheria moja.

Hakuna nchi inayolifundisha jambo hili kwa uchungu kama Peru. Tangu Julai 2016 hadi Oktoba 2025 imekuwa na marais 7. Si nchi iliyosambaratika. Ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, bega kwa bega na Kongo, na gavana wa benki kuu yake, Julio Velarde, amekaa kitini tangu 2006 huku marais wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Sarafu yao imetulia kwa sababu katiba inaipa benki kuu uhuru wake. Kilichooza ni siasa, na siasa ikioza wanaoumia ni wale wanaotegemea hospitali ya umma na shule ya umma. Wakati wa Uviko-19, kwa hesabu iliyosahihishwa mwishoni mwa Mei 2021, Peru ilikuwa na vifo vingi zaidi duniani ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Miezi michache kabla, Novemba 2020, katikati ya janga hilo, ilikuwa imebadilisha rais mara mbili ndani ya wiki moja.

Mkwamo wenyewe una mitambo yake, na bila kuijua mtu ataendelea kuamini kwamba tatizo ni watu wabaya tu. Peru inamchagua rais kwa kura ya wananchi, na bunge pia. Kila upande unaweza kusema "mimi ndiye niliyetumwa na watu", na kila upande unasema kweli. Juu ya hapo katiba ya 1993 imempa kila mmoja silaha dhidi ya mwenzake. Bunge linaweza kuwahoji mawaziri na kuwang'oa, na baraza jipya la mawaziri sharti liende kuomba imani ya wabunge. Likinyimwa imani mara mbili, ibara ya 134 inamruhusu rais kulivunja bunge na kuitisha uchaguzi wa wabunge wapya. Bunge nalo lina ibara ya 113, inayosema kiti cha urais kinabaki wazi iwapo rais ana "kutoweza kimaadili kwa kudumu". Katiba haielezi maana ya maneno hayo. Kwa vitendo maana yake imekuwa hivi: zikipatikana kura 87 kati ya 130, rais hana maadili. Zisipopatikana, anayo.

Mtu wa kwanza kutoka nje aliyeutikisa mfumo wa huko alikuwa Alberto Fujimori, mtoto wa wahamiaji kutoka Japani, mhandisi wa kilimo na mkuu wa chuo kikuu cha kilimo cha La Molina. Mwaka 1990 mfumuko wa bei ulipita asilimia 7,000 na wapiganaji wa Sendero Luminoso, kundi la waasi wa Kikomunisti, walikuwa wakiua vijijini na kulipua mabomu Lima. Vyama vyote vikubwa vilikuwa vimeshindwa mbele ya macho ya watu. Fujimori aliendesha trekta kwenye kampeni na kumshinda mwandishi maarufu Mario Vargas Llosa katika duru ya pili. Ila chama alichokiunda, Cambio 90, kilipata chini ya robo ya viti katika kila moja ya mabunge mawili ya wakati huo.

Tarehe 5 Aprili 1992 aliamua kuiondoa hesabu hiyo kwa vifaru. Alilifunga bunge, akaisimamisha mahakama, na kura za maoni zikaonyesha wengi wanamuunga mkono. Hapa ndipo watetezi wa mkono wa chuma husimama na kusema: mnaona? Ni kweli mfumuko wa bei ulidhibitiwa, na Septemba mwaka uleule kiongozi wa Sendero Luminoso alikamatwa. Lakini mfumuko ulishaanza kuzimwa kwa hatua kali za Agosti 1990, bunge likiwa bado wazi, na kiongozi yule alinaswa na kikosi kidogo cha polisi wapelelezi waliofuatilia nyumba hadi nyumba, kazi ambayo haikuhitaji bunge kufungwa. Kilichohitaji bunge lililonyamazishwa ni yale yaliyokuja baadaye. Mwaka 2000 Vladimiro Montesinos, mshauri wake wa usalama, alionekana kwenye mkanda wa video akimkabidhi mbunge fedha ili ahamie upande wa serikali. Fujimori alikimbilia Japani na kutuma barua ya kujiuzulu kwa faksi. Bunge likakataa barua hiyo na kumwondoa kwa kutumia kifungu cha kutoweza kimaadili, kilichokuwamo katika katiba aliyoiandikisha mwenyewe. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya haki za binadamu.

Vyama vya zamani vilidhoofika sana baada yake. Vilivyokuja ni vyama vya mtu mmoja, vinavyosajiliwa kabla ya uchaguzi, vikikodishwa kwa mwenye fedha, na kufa baada ya matokeo. Kwa hiyo kila uchaguzi wa Peru leo unampata "mgeni", hata asipotaka kujiita hivyo, maana hakuna chama kilichoota mizizi cha kumfanya mwenyeji.

Mwaka 2016 Pedro Pablo Kuczynski, mtu wa benki aliyewahi kuwa waziri mkuu, alimshinda Keiko Fujimori, binti wa Alberto, kwa kura zipatazo 41,000. Keiko alipoteza Ikulu lakini chama chake kilishika viti 73 kati ya 130, huku cha rais kikiwa na 18. Kuczynski alijiuzulu Machi 2018. Makamu wake, Martín Vizcarra, aliyekuwa gavana wa mkoa wa Moquegua, alirithi kiti bila chama na bila jina kubwa mjini Lima, na yeye ndiye ninayeona ana mengi ya kutufundisha kuliko wote.

Vizcarra alifanya kile ambacho sisi sote tungetamani kiongozi wa kutoka pembeni akifanye. Bunge lilipogoma aliwaendea wananchi, na Desemba 2018 wakapiga kura ya maoni iliyopitisha, pamoja na mambo mengine, marufuku ya mbunge kugombea mara mbili mfululizo. Bunge liliendelea kugoma, na tarehe 30 Septemba 2019 akalivunja. Mahakama ya Katiba baadaye ilisema alikuwa ndani ya sheria. Uchaguzi wa wabunge ukafanyika Januari 2020. Chama cha Keiko kilishuka vibaya, mitaani watu wakashangilia, na kwa siku hizo ilionekana kama fundo limefunguka.

Ila Vizcarra hakusimamisha wagombea wake katika uchaguzi huo. Alitaka kuonekana yuko juu ya vyama. Bunge jipya likaingia bila mbunge hata mmoja wa kumwita wake. Miezi kumi baadaye, baada ya tuhuma za rushwa za enzi za ugavana wake kujitokeza, bunge hilohilo alilolizaa kwa kalamu yake lilimwondoa kwa kura 105. Spika, Manuel Merino, akaapishwa. Vijana wakajaa barabarani, wawili wakauawa, na Merino akaondoka baada ya siku tano.

Kosa la Vizcarra halikuwa woga wala tamaa ya kukaa. Aliamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba kupendwa na wananchi kunatosha. Kupendwa hakupigi kura bungeni. Rais asiye na wabunge ni nahodha aliyepewa usukani huku makasia yakiwa mikononi mwa watu wanaomwombea azame.

Ndipo akaja Pedro Castillo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka kijiji cha Puña, mkoani Cajamarca. Alijulikana kwa kuongoza mgomo wa walimu mwaka 2017. Kofia pana ya majani, penseli kubwa mkononi, na ahadi iliyogusa kila nyumba ya milimani: pasiwe tena na maskini katika nchi tajiri. Nakiri kwamba picha yake akiapishwa tarehe 28 Julai 2021, siku Peru ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, bado inanigusa. Watu wa vijiji vya milima ya Andes walikuwa wamesubiri karne mbili kumwona mkulima wa kijijini kama wao akiingia Ikulu ya Lima.

Sasa tazama hesabu. Katika duru ya kwanza, tarehe 11 Aprili 2021, Castillo alipata takriban asilimia 19 ya kura halali. Keiko, aliyemfuata, alipata asilimia 13. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka yeyote kati yao. Duru ya pili huwafuta wagombea wengine wote na kumtengenezea mshindi wingi wa asilimia 50 na ushee, kwa Castillo ikiwa tofauti ya kura 44,263. Wingi huo ni wa siku moja. Sehemu yake kubwa ni watu waliompinga mwenzake.

Na wabunge? Walichaguliwa siku ya duru ya kwanza, wakati nchi bado imegawanyika vipande vipande. Vyama 10 viliingia bungeni. Peru Libre, kilichombeba Castillo, kilipata viti 37, na hata hivyo viti hivyo vilimtii zaidi Vladimir Cerrón, mwenye chama, ambaye hakuweza kugombea mwenyewe kwa sababu ya hukumu ya ufisadi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mgeni alikuwa amepanda gari la mtu.

Kumwondoa kulihitaji kura 87, kwa hiyo Castillo alihitaji wabunge 44 tu wa kumkingia kifua. Namba hiyo ndiyo iliyotawala Peru kwa miezi 16. Kila wizara ikawa bei. Mawaziri zaidi ya 70 walipita, mabaraza matano ya mawaziri yaliundwa, moja lao likidumu siku chache tu. Baadhi ya wabunge wa vyama vingine walituhumiwa kupewa upendeleo wa kazi na zabuni ili wasipige kura dhidi yake. Hii si kusema alisukumwa tu na mazingira. Alichagua watu wabovu pale alipoweza kuchagua wazuri, na tuhuma za rushwa zilifika hadi kwa jamaa zake. Lakini hata malaika angekuwa na wabunge 37 wa kuazima.

Wabunge nao hawakuwa na sababu ya kumaliza ugomvi. Ile marufuku ya kugombea tena, iliyopitishwa kwa shangwe mwaka 2018, ilikuwa na tokeo ambalo wapiga kura hawakulitarajia: mbunge ajuaye kwamba hawezi kurudi haogopi hasira ya jimbo lake. Anachoogopa ni uchaguzi wa mapema, maana utamkatia mshahara. Kwa hiyo walimsumbua rais bila kukoma na wakakataa kwenda wote nyumbani. Adhabu waliyoibuni wananchi dhidi ya wanasiasa iliishia kuwakata kamba iliyokuwa imewafunga kwao.

Tarehe 7 Desemba 2022, saa chache kabla ya jaribio la tatu la kumwondoa, Castillo alisoma hotuba kwenye televisheni huku mikono ikimtetemeka. Alitangaza kulivunja bunge na kutawala kwa amri. Alitaka kuwa Fujimori wa 1992, ila hakuwa na jeshi wala umaarufu wa Fujimori. Wanajeshi hawakusogea, mawaziri wakajiuzulu mmoja mmoja, bunge likakusanyika na kumwondoa kwa kura 101. Alikamatwa akielekea ubalozi wa Mexico. Makamu wake, Dina Boluarte, akachukua kiti, na katika maandamano yaliyofuata, hasa kusini milimani, takriban waandamanaji 50 walipoteza maisha. Wengi walikuwa watu walewale waliompigia mwalimu kura. Boluarte naye hakuwa na chama. Alidumu kwa sababu bunge liliona anafaa kuwepo, akiwa haungwi mkono na karibu mtu yeyote nchini, hadi Oktoba 2025 wabunge walipoona hawafai tena na kumwondoa kwa ibara ileile.

Je, mtu wa nje hawezi kabisa? Anaweza, na mfano uko barani kwetu. Machi 2024 Bassirou Diomaye Faye, afisa wa kodi ambaye hakuwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa, alishinda urais wa Senegal siku chache baada ya kutoka gerezani, kwa asilimia 54 katika duru ya kwanza. Alikuta bunge la wapinzani wake. Mwanzoni mwa Septemba lilikataa mswada wake wa kufuta taasisi mbili alizoziona ni mzigo. Katiba ya Senegal hairuhusu kulivunja bunge kabla halijatimiza miaka miwili. Lilipoitimiza tu, tarehe 12 Septemba 2024, Faye akalivunja. Novemba chama chake, Pastef, kikachukua viti 130 kati ya 165.

Tofauti yake na Vizcarra iko wazi. Alivunja bunge akiwa na watu wa kujaza viti. Pastef kilikuwa kimejengwa kwa miaka na Ousmane Sonko na wenzake, tawi kwa tawi, hata baada ya serikali kukifuta mwaka 2023. Faye alikuwa mgeni Ikulu, si mgeni kwa wapiga kura wake. Wala wingi haukumaliza shida zote: serikali mpya ilikuta deni la taifa kubwa kuliko lililotangazwa, Mahakama ya Hesabu ikathibitisha hivyo Februari 2025, na fedha za IMF zikasimama. Lakini hilo ni tatizo la kutawala. Castillo hakuwahi kufika huko.

Ufaransa inafundisha jambo jingine la kalenda. Tangu 2002 uchaguzi wa wabunge umekuwa ukifuata ule wa rais kwa wiki chache. Emmanuel Macron alipata asilimia 24 tu katika duru ya kwanza ya 2017, karibu sawa na unyonge wa Castillo, ila wapiga kura walipoitwa tena Juni walikuwa wanajua rais ni nani, na chama chake cha mwaka mmoja kikapata viti 308 kati ya 577. Mpangilio wa tarehe ulimpa kile ambacho Peru ilimnyima Castillo. Lakini vyama vya zamani alivyovibomoa ndivyo vilivyokuwa vikipokezana madaraka, na baada ya kulivunja bunge mwaka 2024 alipata kambi tatu zisizoweza kukaa meza moja. Serikali mbili zimeangushwa bungeni tangu hapo.

Kongo walipita njia ya tatu. Félix Tshisekedi aliapishwa Januari 2019 akiwa na wabunge wachache, huku muungano wa Joseph Kabila ukiwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500. Kuunda serikali kulichukua miezi saba hivi. Desemba 2020 alivunja ubia, na ndani ya wiki chache wabunge walewale waliokuwa wa Kabila walihamia kwake, wakamwondoa spika, wakamwangusha waziri mkuu. Mkwamo uliisha bila kura mpya. Ila watu walioukwamua ndio waliokuwa wameukwamisha, na walikuja na madai yao.

Afrika Mashariki mara nyingi tunaazima hofu isiyo yetu. Kenya na Tanzania hazijasumbuliwa sana na bunge linalomkaba rais. Ugonjwa wetu ni bunge linalomezwa. Juni 2024 barabara za Nairobi zikiwa zimejaa vijana, wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na aliyeurudisha ni rais mwenyewe baada ya damu kumwagika. Baada ya kila uchaguzi Kenya, wabunge wa kujitegemea na vyama vidogo husogea kwa mshindi kabla wino haujakauka. Na tunaowaita sura mpya huwa ni wenyeji wa zamani: William Ruto aligombea kwa jina la mahasla akiwa ameingia bungeni tangu 1997 na kuwa naibu rais kwa zaidi ya miaka tisa, John Magufuli alionekana mpya mwaka 2015, lakini alikuwa mbunge tangu 1995 na nyuma yake kulikuwa na wingi wa CCM.

Tanzania mlango wenyewe umefungwa. Katiba inamtaka mgombea awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa ushindi. Sheria haijabadilishwa. Naamini inapaswa kubadilishwa, kwa sababu haki ya kugombea ni ya raia kabla ya kuwa ya chama. Ila siku hiyo ikifika, nitataka kumwona mgombea binafsi wa urais akisimama jukwaani na orodha ya watu anaowaombea kura za ubunge, jimbo kwa jimbo, na kueleza wamekubaliana nini. Kenya, ambako mlango uko wazi, mwenye ndoto ya urais nje ya vyama atakutana na mawaziri wanaohitaji kuidhinishwa na Bunge la Taifa na bajeti isiyotoka bila wabunge, na uchaguzi wote ukifanyika siku moja.

Peru nao wamefanya marekebisho. Machi 2024 bunge lao lilirudisha mfumo wa mabunge mawili, likaruhusu tena wabunge kugombea mfululizo, na kuweka seneti ya watu 60 ambayo rais hataweza kuivunja kwa hali yoyote. Vyama zaidi ya 30 vilijiandikisha kwa uchaguzi wa Aprili 2026, na kura za rais, maseneta na wabunge zikapangwa siku ileile ya duru ya kwanza.